Barazani Walisema Haumwi

Kama kuna kiumbe nisiyemwamini katika mambo ya sayansi na siasa, ni mwanamme aliyekaa juu ya jiwe na kikombe cha kahawa mkononi. Nasema hivyo kwa sababu nimelelewa juu ya vichwa vyao. Nyumba yetu ya Kiponda, mjini Unguja, ilikuwa na baraza mbili za mawe, moja kila upande wa mlango, na dirisha la chumba cha mama lilikuwa juu yake hasa. Kila siku baada ya sala ya alasiri watu wazima, wengine wajukuu zao wameshaoa, walijipanga pale na kuanza kuitengeneza dunia. Sisi wanawake tulikuwa juu, nyuma ya pazia, na tulisikia kila neno, hata siku ambazo hatukutaka.

Baba ndiye aliyekuwa na redio. Si redio ya kusikilizia taarabu tu. Ilikuwa redio kubwa ya masafa mafupi, iliyovuta stesheni za nje, na kwa sababu ya redio hiyo baba, muuza misumari na mabomba sokoni Darajani, alihesabiwa kuwa mtu wa habari. Babu yake alikuwa na mashamba ya karafuu. Mashamba yalikwenda na Mapinduzi, na urithi uliomfikia baba ulikuwa mmoja tu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliitumia kila alasiri.

Wa pili kwa cheo alikuwa bwana mmoja tuliyemwita Mtaalamu. Zamani, vijana walipokuwa wakipelekwa kusoma nchi za Ulaya ya Mashariki, naye alipelekwa, akasomea ufugaji wa kuku. Alirudi na koti zito ambalo hapa Unguja halina siku ya kuvaliwa, na cheti. Kuku wenyewe hakuwahi kufuga hata mmoja. Lakini alikuwa ameingia maabara na kuchungulia darubini, na hiyo ilitosha. Ikitajwa sayansi yoyote barazani, ya nyota, ya mabomu au ya dawa, shingo zote ziligeuka kumtazama yeye, naye alikunywa funda moja la kahawa kabla ya kusema, ili wajue kwamba anafikiri.

Nakumbuka mwaka ule kinu cha umeme wa atomiki kilipolipuka kule Urusi. Redio ya baba ilisema mawingu ya sumu yamefika Ulaya. Haikupita juma moja, baraza ilikuwa imeshaamua kwamba maziwa yote ya kopo yana mionzi. Mtaalamu alieleza jinsi mionzi inavyomwingia kuku, na kwa kuwa kuku hula nafaka na ng'ombe hula majani, mambo ni yale yale. Baba akapanda juu, akafungua kabati na kuyatoa makopo yetu ya maziwa. Mama alimshika mkono, akageuza kopo moja na kumsomea tarehe iliyopigwa chini yake, herufi ndogo kama chawa. Maziwa yale yalitiwa koponi kabla kinu hakijalipuka. Baba akasema tarehe huandikwa na hao hao, na maziwa yakaenda jaani. Tulikunywa chai kavu muda mrefu, na wao chini waliendelea na kahawa yao, ambayo haikuhitaji maziwa.

Basi ndivyo walivyokuwa. Vita vya Ghuba walivipigana vyote pale kwenye jiwe, na majenerali wa pande zote mbili walishindwa kwa kutokuja Kiponda kuuliza. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nisingekuwa na neno nao kama uvumi wao ungebaki pale barazani. Watoto wa mtaa nao walipiga kelele, na hakuna aliyewafuata kuuliza dawa.

Mama alikuwa akidarizi kofia. Nazungumzia zile kofia za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia ambayo mtu huianza mwezi wa mfungo mosi na akawa bado hajaimaliza mwezi wa mfungo sita. Alijifunza kwa mama yake Chwaka, akaja na kazi hiyo mjini alipoolewa. Kazi yake ilijulikana. Kulikuwa na watu wakiagiza kutoka Maskati, na wanaume wote wa barazani petu walivaa kofia zake. Maana yake ni kwamba rai zote zile zilitoka chini ya kazi ya mama, na mara nyingi nilimwambia kwamba anawastiri kupita kiasi. Alicheka, lakini hakuinua macho kwenye sindano.

Ugonjwa wake ulianza kwa vitu vya pembeni. Ukimwekea kikombe karibu na kiwiko alikiangusha. Akipita mlangoni bega lake liligonga mwimo, katika nyumba aliyoishi tangu alipokuwa bibi harusi. Tukamtania kwamba anazeeka vibaya, naye akatutania kwamba sisi ndio tunaohamisha milango. Kisha siku moja alirudi kutoka Darajani na mkono umechunika, samaki wamejaa mchanga, na aliyemgonga kwa baiskeli akiwa amemtukana juu ya hayo.

"Imetokea hewani, mwanangu," aliniambia. "Wallahi sikuiona mpaka ishanigonga."

Nilikuwa mwalimu wa skuli wakati huo, msichana wa miaka ishirini na kitu, na nilikuwa bado naamini kwamba jambo likieleweka litafanywa. Ikasadifu kwamba madaktari wa macho wamekuja kutoka nchi za nje na wamekaribishwa hospitali kwa muda mfupi. Nikampeleka. Daktari aliyempima alikuwa mwanamke, na kando yake alikuwepo muuguzi wa kututafsiria. Alimtazama mama kwa mashine, akamwambia atazame mbele tu na aseme lini anauona mkono ukitokea ubavuni. Mkono ulikuja, ukaja, ukafika karibu na pua, ndipo mama akasema, "Naam, sasa nnauona."

Daktari alisema ni presha ya macho. Alieleza kwamba ugonjwa huu huanza kula pembeni na huiacha katikati mpaka mwisho, kama mtu anayekufungia mlango polepole huku wewe unatazama ule upenyo uliobaki na kusema mbona kweupe. Kilichokwenda hakirudi, alisema. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Kwanza matone, kila siku, asubuhi na jioni, maisha yote. Lakini la maana zaidi ni upasuaji, na wao wangeweza kumfanyia pale pale kabla hawajaondoka. Akatupa chupa za matone na siku ya kurudi. Mama alishukuru, na njiani aliniambia kwamba kwa mkono wa yule mwanamke hatoogopa kisu.

Hiyo ndiyo habari niliyomletea baba, na baba akaifanyia kama alivyofanyia habari zote. Aliipeleka barazani.

Lazima nieleze jambo moja la adabu zetu. Mwanamme mwenye heshima hamtaji mkewe mbele ya wanaume wenzake. Husema "nyumbani". Nyumbani hawajambo, nyumbani wanaumwa, nyumbani wamejifungua. Kwa hiyo alasiri ile, mimi na mama tukiwa juu dirishani, yeye ameshika kofia mkononi na sindano inakwenda, tulikaa tukasikiliza watu wakijadili macho ya nyumba.

"Nyumbani wameambiwa wana presha ya macho," baba alisema.

"Presha ya macho?" Huyo alikuwa mstaafu wa forodha, ambaye kwetu alikuwa bingwa wa siasa kwa kuwa aliwahi kupekua mizigo ya mabalozi. "Presha nnayoijua mie ni ya moyo na ya tairi."

Wakacheka. Mtaalamu hakucheka, alikuwa anakunywa lile funda lake.

"Hebu nikuulize," alisema. "Nyumbani bado wanadarizi?"

"Wanadarizi."

"Uzi wanautia wenyewe kwenye sindano?"

"Wenyewe."

"Basi! Mtu anatia uzi kwenye tundu la sindano, aje daktari amwambie unapofuka? Sayansi gani hiyo? Jicho ama linaona ama halioni. Hata kuku ukimtazama utajua."

"Na kwa nini waje mwaka huu?" aliuliza yule wa forodha. "Miaka yote hii macho yetu hawakuyaona? Wamekuja uchaguzi umekaribia, na nani kawafungulia mlango? Si yule mgombea wao? Hotuba katoa yeye, utepe kakata yeye."

Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na wasomaji waliokuwepo Unguja hawahitaji kuelezwa. Watu waliacha kuzikana. Harusi zilihesabiwa kwa vyama, na mtu aliweza kuvuka mitaa miwili kwenda kununua mkate uliolala kwa mwenye siasa zake huku mkate wa moto unanukia mlangoni pake. Baraza yetu ilikuwa ya upande mmoja, na waliobaki walihamia kwenye jiwe la nyumba ya pili, wakawa wanatupiana maneno juu ya vichwa vya wapita njia. Na madaktari wale walikuwa wamekaribishwa na mtu wa upande wa pili. Sijui upande gani uliokuwa na haki, na umri huu nilionao sitaki tena kujua. Najua kwamba jicho la mama halikuwa na kadi ya chama.

"Picha itapigwa," alisema wa forodha. "Kesho utafungua gazeti, nyumbani kwako wamefungwa bandeji, na mgombea kawashika bega anacheka."

Hapo ndipo ilipokwisha. Nilimjua baba. Angestahamili mke kipofu, lakini picha ile asingeistahamili.

Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Washamaliza?" aliniuliza, kama mtu anayeulizia mvua.

Usiku nilibishana na baba mpaka mishipa ikanitoka. Nilimweleza pembeni na katikati, nikamchukua mkono na kumwonyesha kwa vidole nilivyoonyeshwa. Alinisikiliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Kisha akasema kwamba mimi ni mtoto, na sikuzungumza na Mtaalamu. Siku ya kurudi hospitali ikapita. Madaktari wakapanda ndege wakaenda zao. Mgombea alishinda au alishindwa, kila upande una habari yake, na picha ya gazetini walipigwa watu wengine, wazee wa mashamba, wamefungwa bandeji na wanacheka, na baadaye wakaona.

Tulibaki na matone. Nilimtia mwenyewe, asubuhi kabla ya kwenda skuli na jioni baada ya magharibi. Nilipata ya kuongezea kwa muuguzi yule aliyetutafsiria, na miezi ikapita mama akiwa hajagonga kitu kipya. Nikaanza kutulia. Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani.

Nani alianza lile swali la kama dawa ya jicho inafunguza, yaani inaharibu saumu, sikumbuki. Nadhani baba mwenyewe alilitoa, kwa nia njema. Mama alikuwa mtu wa kufunga. Mbali ya Ramadhani alifunga sita za mfungo mosi, alifunga Jumatatu na Alhamisi, na alikuwa akiiogopa funga yenye doa kuliko alivyoogopa mauti. Mimi nilikwenda kumuuliza shehe wa msikiti wetu, kupitia kwa mkewe. Jibu likaja wazi kabisa: jicho si tundu la kuingilia tumboni, wanja haufunguzi, dawa haifunguzi, hata ukiisikia ladha yake kooni. Mwambieni mama atie dawa yake. Nikarudi nyumbani kwa furaha, nikijua kwamba safari hii nina shehe, na shehe ni mzito kuliko kuku.

Sikuwa nimeijua nchi yangu. Barazani, Mtaalamu alieleza kwamba shehe amesema kwa vitabu vya kale, na vitabu vya kale havikuwa na darubini. Yeye ameona kwa macho yake, maabara, kwamba jicho lina mfereji mdogo unaoshuka puani, na pua inashuka kooni. Kwa hiyo anayetia dawa jichoni anakunywa. Ni sayansi, si rai. Na wale wanaume, ambao mwaka mzima walikuwa wakisema sayansi ya wazungu ni uongo na biashara, wakakubali kwa sauti moja kwamba sayansi imethibitisha.

Mfereji huo upo kweli. Nilikuja kuusoma baadaye. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mtaalamu alikuwa amesema jambo la kweli kuhusu mwili wa binadamu, na ukweli huo wenyewe ndio uliomharibu mama.

"Ayasikia kooni," baba alisema alipopanda. "Muulize mwenyewe. Asema anasikia uchungu kooni."

"Shehe kasema hata ukiusikia."

"Shehe si daktari."

"Na Mtaalamu je?"

Baba akanitazama kama niliyevunja kikombe cha watu.

Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema atatia usiku tu. Kisha ukaja mfungo mosi na zile sita zake, kisha Jumatatu, kisha Alhamisi, na siku za kawaida akawa anasahau, au anasema amesahau. Siku moja nikaikuta chupa imekauka kabatini. Nikamkalia kooni.

"Hebu niache, mwanangu," alisema. "Kila nikitia tone nnawasikia wao. Sitaki funga ya shaka, na sitaki kubishana na watu wa chini. Na kwani sioni? Hebu tazama." Akanyanyua kofia. Kila kitundu kilikuwa mahali pake.

Nilichukia watu wale kwa namna ambayo bado inanishangaza. Nilipita mbele yao kila siku, nikasema "Shikamooni" kwa sababu ulimi umefundwa, na wakajibu "Marahaba" wote pamoja, na moyoni nilitamani jiwe lile lipasuke.

Mwaka ule waliposema wazungu wamemtengeneza kondoo asiye na baba, baraza ilipata uhai kama haikupata kuwa nao tangu vita vya Ghuba. Walibishana siku kadhaa kama kondoo huyo anafaa kuchinjwa Idi kubwa, kwa kuwa mnyama wa kuchinja sharti asiwe na kilema, na kukosa baba ni kilema au si kilema? Mtaalamu alisema kwa kuku jambo hilo lisingewezekana, kwa sababu ya ganda. Walikuwa wanaendelea hivyo chini ya dirisha mama aliponipa kofia niiangalie. Alisema ameimaliza, niipeleke ikafuliwe na kutiwa wanga.

Robo nzima ya duara haikudariziwa. Vitundu vilikuwa vimetobolewa tu, vimekaa wazi, na uzi umevuka juu yake na kwenda upande wa pili. Mama alikuwa amekaa ananisubiri niseme imependeza.

"Imependeza," nilisema.

Kisha nikateremka. Nilisimama mlangoni na kanga yangu kichwani, mahali ambapo mwanamke wa nyumba ile hakuwahi kusimama wakati wa baraza, na kofia mkononi. Nikawaonyesha. Nilisema, "Mama yangu haoni. Mlisema haumwi kwa sababu anatia uzi, na sasa hauoni huo uzi. Mlimwambia dawa inafunguza. Mnamjua kondoo wa wazungu na hammjui mtu aliyekaa juu ya vichwa vyenu."

Wa forodha aliangalia ndani ya kikombe. Mtaalamu aliivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Baba alisema, "Panda juu," kwa sauti ndogo. Nikapanda. Sikuwa nimefika ghorofa ya pili nilipowasikia wameanza tena, wanajadili kama inafaa mwanamke kusomeshwa mpaka akawa mwalimu.

Nilimrudisha hospitali. Muuguzi yule yule akanipa matone, na safari hii niliyatia mwenyewe, Ramadhani na si Ramadhani, na mama hakukataa tena. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa pakubwa. Ule upenyo wa katikati alikaa nao kwa miaka michache, akitutazama uso mmoja mmoja kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Simu za mkononi zilipoingia mjini, na barazani wakaanza kubishana kama zinachoma ubongo, kila mmoja akiwa na yake sikioni, mama alinipapasa siku moja adhuhuri na kuniuliza kwa nini hatujawasha taa.

Kisha yakaanza macho ya baba.

Yeye yalimjia kwa ukungu. Hakuweza kusoma gazeti, na mtu wa habari asiyesoma gazeti ni muuza misumari tu. Akalipeleka jambo barazani, safari hii hakusema "nyumbani", alisema "mimi". Kikao hakikuchukua muda hata wa kahawa kupoa. Ni mtoto wa jicho, walisema, jambo dogo, siku hizi sayansi imeendelea. Mtaalamu akaeleza kwamba wanatoa kioo kibovu na kutia kizuri. Wa forodha akasema aende Dar es Salaam, kuna madaktari hodari, na wala hakuuliza wamekaribishwa na chama gani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu.

"Na mama yako twende naye," baba aliniambia, kwa ukarimu, kama anayempa mtu shamba. "Huenda naye akapata. Siku hizi wameendelea."

Tukavuka watatu kwa boti. Daktari alikuwa kijana Mtanzania, mpole, asiye na maneno mengi. Alimpima baba akasema atampasua kesho. Alimpima mama, akazima kurunzi, akakaa.

"Aliwahi kupewa dawa?" aliniuliza.

"Aliwahi."

"Akaziacha?"

Nilimgeukia baba. Alikuwa ameinama, anatafuta kiatu chake chini ya kiti, naye alikuwa amevivaa vyote viwili.

"Mshipa wa jicho umekufa," daktari alisema. "Mtoto wa jicho ninaweza kumtoa. Hili, samahani mama, sina la kufanya. Ungeletwa mapema."

Mama aliweka mikono mapajani. Nilimshika bega, nikahisi nataka kupiga mayowe katika chumba kile cheupe.

"Si kitu, mwanangu," alimwambia daktari. "Mtengeneze huyu. Yeye ana magazeti ya kusoma."

Baba alirudi Unguja na bandeji jicho moja, akapokewa barazani kama aliyetoka Hija. Walimsikiliza alasiri nzima akieleza taa, kiti, na kopo dogo la dawa, na jinsi lenzi ilivyo nyepesi kama gamba la kitunguu. Mtaalamu alisema ndiyo, yeye alisema tangu zamani kwamba upasuaji wa macho ni jambo la kawaida. Wa forodha akataka aelekezwe hospitali ilipo. Juu dirishani nilisubiri mmoja wao aulize na mgonjwa wa pili amesemaje. Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wamekumbuka kwamba haifai kuuliza nyumbani kwa mtu.

Bandeji ilitolewa asubuhi. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha, kanga imeshuka mabegani, na mimi nilikuwa namchana nywele kwa mafuta ya nazi kabla ya kuzisuka. Baba akatoka chumbani. Alitazama kwanza ukuta, kisha mikono yake, akacheka peke yake kwa furaha. Kisha akamwona mama, akaacha kucheka. Alisogea hatua kadhaa akasimama mbele yake, anamtazama kutoka kichwani mpaka chini, kama aliyerudi kutoka safari ndefu.

"Kumbe nywele zako zote zishakuwa nyeupe?" alisema.

"Sijui," mama alisema. "Teremka ukawaulize barazani."

Siku ile baba hakuteremka. Kesho yake aliteremka, maana kulikuwa na habari.